Sikio la Kushoto la Padri Malachy

Kila Jumamosi jioni Attracta Keaveney, mtunzaji wa kanisa na wa nyumba ya Padri, alifungua kanisa la Cloonmurrin kwa kuusukuma mlango kwa bega, maana huku magharibi mwa Ireland mbao huvimba kwa mvua kuanzia Oktoba hadi Juni. Aliwasha mabomba ya joto, akakung'uta mto wa kiti cha maungamo, kisha akakaa nyuma kutazama magari yakiingia uwanjani. Yalikuja ya Cloonmurrin na ya parokia jirani. Siku moja lilikuja basi dogo kutoka pwani, limejaa watu waliovaa vizuri na wenye nyuso za wasiwasi. Hata diwani mmoja alikuja, akaegesha nyuma ya makaburi asionekane, ingawa gari lilikuwa na picha yake ubavuni.

Wote walimfuata Padri Malachy Tansey. Utakatifu anao, lakini si huo walioufuata. Walimfuata kwa sababu hasikii. Ukipiga magoti kwenye dirisha la kulia au la kushoto, ukamwaga yote, tangu kumtukana mama mkwe hadi kuusogeza uzio wa jirani, Padri aliinamisha kichwa kwa upole na kukupa Salamu Maria tatu. Aliyekula nyama Ijumaa Kuu, Salamu Maria tatu. Aliyeiba kondoo, Salamu Maria tatu. Watu walitoka wepesi, wakavuka barabara kwenda baa, na usiku wakalala fofofo.

Jina la Padri lilikuwa limepelekwa zamani katika kliniki ya masikio ya serikali, huko mjini. Kwa umri wake kifaa cha kusikia kilikuwa ni haki yake bure, ilibaki kungoja tu. Parokia ile iliwahi kuchangia paa jipya kwa wiki mbili, lakini habari ya kuchangia masikio ya Padri haikuwahi kutajwa kikaoni. Padri mwenyewe alisema atangoja kama wenzake. Subira huvuta heri, wahenga wamesema, ila kwenye kliniki ile subira ilivuta subira nyingine.

Dhambi ya kwanza Attracta aliikuta Jumatatu moja alipokuwa akideki. Ilikuwa imekaa karibu na bomba la joto, kubwa kama mbwa wa kondoo, ya kijivu, inanuka koti lililolowa, inajisemea chini chini. Jambo likisemwa lisisikiwe, hubaki pale likingoja. Attracta alideki kando yake, akaiomba inyanyue miguu, ikanyanyua.

Kufikia Kwaresima zilikuwa zimejaza mabenchi matano. Waumini walijibana. Wanaume hawakuona tofauti, kwa kuwa tangu enzi za babu zao husimama nyuma karibu na mlango, na wakati wa kupiga magoti huweka goti moja tu juu ya kofia, tayari kutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Askofu alipokuja kwa Kipaimara alikaa katikati ya dhambi mbili, akazishirikisha kitabu cha nyimbo. Baadaye, kwenye chai, alisema kwake mjini ni chache zaidi ila zimenenepa.

Kila moja ilirudia habari yake kwa sauti ya chini. Kwa heshima ya siri ya kitubio, Attracta alipokuwa kanisani aliwasha mashine ya kufyonza vumbi na kuimba juu yake. Moja tu aliijua maneno yake, kwa sababu ilikuwa yake. Ilikaa benchi la kwanza, pembeni, nayo ilisema, "Padri yuko Lourdes. Padri yuko Lourdes."

Ilikuwa hivi. Simu ya nyumba ya Padri huipokea Attracta, maana mwenyewe haisikii ikilia. Vuli moja kliniki ilipiga: mtu ameshindwa kufika, nafasi imepatikana Jumanne asubuhi, je, Padri anaweza kuja? Attracta alishika mkono wa simu, akaiona parokia nzima ikigaagaa vitandani bila usingizi. Akajiona na yeye. Tangu mama yake afe, sikio la Padri Malachy ndilo pekee alilolimiminia moyo wake wote, na aliweza kulimiminia kwa sababu lilikuwa limefungwa.

"Padri yuko Lourdes," alisema, kana kwamba ameenda kuhiji Ufaransa.

"Anarudi lini, mama?"

"Haijulikani."

Binti wa kliniki alimshukuru, akalishusha jina la Padri hadi mkiani, kwa kuwa aliyeitwa asije huanza upya. Jumamosi ile ile Attracta aliungama. Alipewa Salamu Maria tatu, na kabla hajamaliza ya pili dhambi ilikuwa imeshakaa benchi la kwanza na kukunja mikono.

Lililomuumiza ni kwamba Padri aliipenda. Kila asubuhi baada ya Misa aliipapasa kichwa. "Wewe ndiye unayewahi kuliko wote," aliiambia. Nayo ilimtazama usoni na kumwambia Padri yuko Lourdes, naye aliitikia kwa kichwa. Attracta aliona aibu mpaka shingo ikamwaka moto.

Jumapili moja walikuwa jikoni, mkate wa soda mezani, mechi ya mpira redioni. Padri alikuwa amebandika sikio kwenye redio, Attracta akimpigia kelele mabao, kiasi kwamba ng'ombe wa ng'ambo ya barabara walijua nani anaongoza. Padri akaizima.

"Attracta, wananiambia nini kule ndani?"

"Sijui, Padri!" alipaza sauti. "Ni siri yao!"

"Siri yao, na mimi simo. Juzi mama mmoja alitoka analia. Nilimpa Salamu Maria tatu. Labda alihitaji kikombe cha chai. Labda alihitaji polisi." Alisukuma makombo mezani kwa kidole. "Nikifa nitaulizwa watu wangu walisema nini. Nijibu nini? Kwamba walinong'ona vizuri?"

Attracta alimwagia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Kesho yake alipiga moyo konde, akapiga na simu.

"Hakuwa Lourdes, binti. Nilikudanganya."

Ikasikika mibofyo ya kompyuta. "Mama, hapa pana 'alikuja' na 'hakuja'. 'Alisingiziwa safari' hakuna."

"Basi mrudishe pale alipokuwa."

"Hii haijui kupandisha. Inashusha tu."

"Yuko wa ngapi?"

"Huwa siwaambii, wanalia." Binti alivuta pumzi. "Usinichukie, mama. Mtaalamu tuliye naye ni mmoja kwa wilaya tatu, na sasa yuko likizo ya uzazi. Mama yangu mzazi yumo humu, na yuko chini ya huyo padri wako."

"Pole, mwanangu."

"Tumeshapoa."

Habari haikukawia kusambaa. Festy Mannion, mfugaji wa kondoo na mkuu wa wale wanaosimama mlangoni, alimngoja nje ya duka.

"Dada Attracta, umetuuza. Kijiji kizima!"

"Festy, ya kwako iko benchi la nne na inanenepa."

"Iache inenepe! Mimi nakaa huko? Mimi nasimama."

Kondoo walizaa, na baadaye wakazaa tena. Mtaalamu alirudi kutoka likizo, akakuta wagonjwa wake wa mwanzo wamekuwa mababu. Kanisani benchi la sita likajaa, na la saba. Hatimaye simu ikalia. Mzee mmoja wa miaka tisini na tatu, aliyepangiwa Alhamisi, amefariki usingizini, kwa hiyo hatakihitaji kifaa chake.

"Padri yupo?" binti aliuliza.

"Yupo," alisema Attracta. "Hajawahi kwenda popote."

Kliniki ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mzito. Mtaalamu, mwanamke kijana mwenye macho ya asiyelala, alimpima Padri, akamvalisha kifaa kidogo kwenye sikio la kulia, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Na hili?" Padri alishika la kushoto.

"Hilo ni ombi jingine, Padri. Limeingizwa leo, linaanzia mwisho."

"Lakini yalikuja pamoja. Tangu kuzaliwa."

"Naelewa. Huku kila sikio hupanga foleni kivyake."

Njiani Padri aliuliza gari linaumwa nini, kumbe ni taa ya kukata kona inagonga. Alisikia mvua juu ya paa, akamwomba Attracta asimame kando ya barabara, wakakaa pale wanaisikiliza. Padri alikuwa na furaha iliyomtoa machozi, wala hakuyafuta. Attracta aliwasha gari, akazima, akawasha tena. Alijua kilichobaki ni chake.

Jumamosi habari zilikuwa zimewatangulia. Foleni ya dirisha la kushoto ilitoka mlangoni, ikapita makaburi, ikafika getini, diwani akiwa kati yao, safari hii amevaa kofia. Upande wa kulia hapakuwa na mtu hata mmoja. Attracta akapita mbele ya macho yote yale, akapiga magoti kulia. Nyuma yake mtu alikohoa, na Festy akasema, "Maskini, amepotea njia."

"Nibariki, Padri, kwa kuwa nimekosa," alinong'ona.

"Nakusikia," alisema Padri. "Endelea."

Alimweleza yote, simu, Jumanne, Lourdes.

"Lourdes," alisema Padri. "Nilifurahia safari?"

"Hukurudi, Padri."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Miezi ile ya baridi, baada tu ya simu hiyo, ndiyo aliyofia Colman wetu." Colman alikuwa kaka yake, na Attracta ndiye aliyepika chai ya matanga. "Nilikaa naye, nimemshika mkono. Akasema kitu. Nikaitikia kwa kichwa, kama ninavyowaitikia wote. Akafa."

Attracta alilia. Hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja, na sasa hakuweza kufikiria lingine.

"Nisamehe, Padri."

"Nimekusamehe. Na safari hii nimekusikia, kwa hiyo ninajua ninachokisamehe." Akapangusa pua. "Salamu Maria sikupi. Malipizi yako, Jumatatu utanipeleka kwa Colman."

Benchi la kwanza dhambi yake ilisimama, ikajinyoosha mgongo, ikapita katikati ya watu ikiomba samahani, ikatoka mvuani. Foleni ya kushoto ilisogea kuipisha, kisha ikajipanga tena.

Jumatatu waliifungua nyumba ya Colman, iliyokuwa imefungwa tangu matanga. Jikoni vyombo vilikuwa mahali pake, chini ya vumbi. Chumbani, juu ya kitanda, yalikuwa yamekaa maneno ya Colman, yote yale aliyomwambia Malachy miaka ya mwisho bila kusikiwa. Yalikuwa mengi, yamejipanga mpaka dirishani, na yale ya mwisho kabisa yalikaa juu ya mto. Padri alivuta kiti chake cha siku zote, akakaa, akainama. Alingoja sana.

"Hayasemi," alisema.

"Yanasema, Padri. Umeyapa sikio la kushoto."

Attracta alikibeba kiti hadi upande wa pili wa kitanda, akamkalisha, akageuka kutoka, kwani hayakuwa yake. Lakini Colman alikuwa mtu wa sauti kubwa, na maneno yake yalikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo alisikia hata akiwa mlangoni.

"Hujasikia hata neno moja, au sivyo, kiziwi wangu we?"

Padri Malachy alianza kucheka, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaushika ule mto kwa mikono miwili.

"Nimesikia, Colman," alisema. "Nimesikia. Haya, sema na hayo mengine."

Yakaanza, moja baada ya jingine, habari za kondoo, za mechi, za kifua kinachobana, za sakafu ya jikoni kubomoka. Attracta aliweka birika jikoni, akaenda kwenye simu ya ukutani, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata, akapiga kliniki kuulizia sikio la kushoto. Walimpigia muziki. Chai ilikuwa imeshaiva pale binti alipopokea na kumwambia bado, mama, waliotangulia ni wengi. Attracta akamuuliza hali ya mama yake. Naye bado, alisema binti.