Nguzo ya Tatu

Nilisilimu kwa sababu ya kaburi. Wengine waseme waliona nuru. Mimi nilimwona Zabella wangu tu, binti wa miaka sita, aliyekufa kwa homa mji wetu wa Famagusta ukiwa umezingirwa, nikamzika ndani ya kanisa kuu, kando ya nguzo ya tatu. Waturuki walipouteka mji, kanisa likawa msikiti, na Wakristo tukaamriwa kuhamia nje ya ukuta. Mtoto angebaki na nani?

"Twende zetu, Zorzi," mke wangu Marieta aliniambia akifunga mizigo. "Mawe hayo hayakuiti baba."

"Nenda wewe. Mimi simwachi peke yake."

Akaenda.

Nikatoa shahada, nikaitwa Ridhwani, nikatahiriwa na miaka yangu arobaini na miwili. Acha tu. Nililala chali siku tisa. Imamu, mzee mpole, aliniletea mchuzi kwa mkono wake, akanitania kwamba watoto wa miaka saba hupona upesi kuliko mimi.

Siku ya kumi niliingia msikitini. Watakatifu ukutani wamepakwa chokaa, sakafu yote mazulia, safu zimekaa mshazari kufuata kibla. Nikajipenyeza hadi nguzo ya tatu, nikasujudu, nikanong'ona: baba yupo, mwanangu. Miezi mitatu nilifanya hivyo, mara tano kwa siku. Watu wakanisifu kwa ibada, Mungu anisamehe.

Kisha siku moja nikakutana sokoni na Perikos, fundi aliyepaka chokaa kuta za msikiti.

"Ehe, hajambo Mturuki wetu? Nasikia hiyo nguzo umeioa."

"Chunga mdomo. Mwanangu yuko pale."

Akaacha kucheka. "Hukuambiwa? Makaburi yote tuliyafukua kabla ya kutandika mazulia. Wenye watu wao waliitwa. Marieta alikuja, akamfunga mtoto kwenye shuka, akaondoka naye."

"Lini?"

"Ulipokuwa kitandani unauguza kidonda."

Nilikwenda mbio hadi nje ya ukuta, kwenye kibanda chake. Alifungua, akakitazama kilemba changu.

"Marieta, nionyeshe alipo. Nimwone mara moja tu, niondoke."

"Umepotea nyumba, bwana," alisema taratibu. "Mtoto wa humu hana baba."

Akafunga. Nilikaa pale mlangoni nikilia mpaka majirani wakanionea haya.

Siku hizi nasali safu yoyote ninayoikuta.