Sukari Yuko Hai

Mwezi wa Julai 2003, kliniki ya Daktari Léocadie pale Rohero ilijaa wanyama ambao wenye kuwafuga hawakuwapo. Vita vilikuwa vimeshuka kutoka milimani hadi mitaa ya kusini ya Bujumbura, na waliokuwa na uwezo wa kuondoka waliondoka. Wengine walikwenda Kigali, wengine Ulaya, wengine hawakusema. Walimwachia mbwa, paka na kasuku mmoja aliyezoea kuimba zaburi, pamoja na anwani za barua pepe zilizoandikwa harakaharaka.

Kila mchana Léocadie alivuka barabara hadi kwenye cyber ya Bonfils kuwaandikia wenye wanyama. Kazi hiyo alikuwa amejifunza kwa uchungu. Zamani alianza na salamu ndefu, mpaka mama mmoja aliyekuwa Nairobi akamwambia kwamba alizisoma zile salamu akidhani zinaficha kifo. Tangu hapo jambo lenyewe aliliweka juu kabisa, kwenye kichwa cha ujumbe. Kama kulikuwa na baya, alilitaja katika mstari wa kwanza kwa maneno ya kawaida, akaeleza amefanya nini na anangoja nini kutoka kwao. Salamu zilikuja mwisho.

Wachache walimjibu. Yeye mwenyewe hakuwa na mtu wa kumwandikia. Mumewe alifariki vita vilipokuwa bado vichanga, na watoto hawakujaaliwa. Akishamaliza habari za mbwa na paka, alibaki ameketi mbele ya mashine kama mtu aliyesahau alichokijia.

Asubuhi moja akaja Mirindi, mzee aliyefiwa na mke, wa kutoka Uvira aliyeishi Kanyosha na kufanya kazi ya kutoa mizigo ya wafanyabiashara bandarini. Alikuwa amembeba mbwa wake mikononi, jike mzee wa rangi ya asali aitwaye Sukari, ingawa mbwa huyo aliweza kutembea vizuri tu.

"Docteur, mi naenda Kigoma kwa binti yangu. Kapiteni wa bato anakatala mbwa."

"Utarudia lini?"

"Vita ikitulia. Kama kuko shida, umuandikie Gaëlle. Lakini andika mu Kiswahili. Anafundisha Kifaransa, lakini ile yenu ya bureau itamuogopesha."

Alicheka, akamwachia anwani ya binti kwenye karatasi, akapiga magoti na kumnong'oneza mbwa maneno ambayo Léocadie hakuyasikia. Kisha akaaga. Alisema anapitia nyumbani kuchukua sanduku lake, maana boti ingeondoka jioni.

Mchana ule makombora yalianguka Kanyosha. Vioo vya kliniki vilitetemeka, na wanyama wote wakanyamaza kwa pamoja. Léocadie aliketi sakafuni, mkono wake juu ya mgongo wa Sukari, akajiambia kwamba Mirindi bila shaka amekwisha kufika bandarini.

Siku chache baadaye Sukari aliacha kula. Alikunywa maji bila kukoma, na tumbo likavimba. Léocadie alipompima aliujua ugonjwa mara moja. Tatizo ni kwamba mbwa hakuwa wake, na upasuaji wenyewe ungeweza kumuua. Akaenda kwa Bonfils, akaandika:

"Sukari yuko hai, lakini ni mgonjwa. Kizazi chake kimejaa usaha. Nisipompasua atakufa. Nikimpasua, kwa uzee wake, anaweza kufa pia. Angekuwa wangu, ningempasua. Muulize baba, kisha unijibu leo kama unaweza. Wasalimu wote. Docteur Léocadie."

Jibu lilimkuta bado kwenye kiti.

"Umupasue, docteur. Lakini baba nimuulizie wapi? Hajafika. Kila bato ikiingia niko hapo bandarini. Alikuletea Sukari siku gani? Alikuwa amevaa nini? Alisema nini?"

Léocadie aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hakuna mwenye mbwa aliyewahi kumuuliza maswali kama hayo. Akajibu yale aliyoyaona: siku aliyokuja, shati la buluu, kile kicheko, sanduku alilokwenda kulichukua. "Zaidi ya hapo sijui," aliandika. "Nitaulizia."

Alirudi kliniki akampasua Sukari, na moyo wa yule mbwa mzee ukahimili. Kesho yake aliandika, "Sukari yuko hai, amekunywa mchuzi." Gaëlle alishukuru, kisha akauliza tena habari za baba yake.

Basi wakawa wanaandikiana kila siku. Gaëlle alikuwa mwalimu wa Kifaransa, amepanga chumba kwa mama mmoja anayeitwa Béatrice, na hakuwa na ndugu mwingine Kigoma. "Pale bandarini wamenizoea," aliandika. "Wananiona nikija wanatikisa kichwa kabla sijauliza." Siku nyingine alieleza jinsi baba yake alivyokuwa akimmenyea Sukari parachichi kwa kisu, kama mtoto. Léocadie alijibu kila neno. Akajikuta anavuka ile barabara kwa haraka kuliko zamani, hata akajiona vibaya. Alijua kwamba furaha yake imesimama juu ya hofu ya mwenzake.

Bandarini alimwona karani aliyewaandika abiria wa boti ile. Alimfahamu Mirindi vizuri, na alikuwa na hakika kwamba hakupanda.

Njia ya kusini ilipofunguliwa, Léocadie alikwenda Kanyosha. Nyumba ya Mirindi ilikuwa imetoboka upande wa mbele. Kwenye ua wa jirani, mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani alikuwa akifagia vipande vya vioo. Huyo alikuwa Adija, mwuza mboga, ndiyo kwanza amerudi kutoka alikokimbilia.

"Unatafuta Mirindi? We ni nani wake?"

Léocadie alisita. "Ni docteur wa mbwa wake."

Adija aliuacha ufagio. "Kuja."

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na tuta la udongo lililozungushiwa matofali.

"Bombe ilimukuta pa mulango, sanduku iko mu mukono," Adija alisema. "Njia ya makaburi ilikuwa imefungwa, tukamuzika sisi majirani. Mi nilimusomea dua. Alikuwa mukristo, lakini hakukuwa mutu mwingine wa kusoma. Na binti yake, hatukujua tumupate namna gani."

Léocadie aliinama, akarudishia tofali moja lililoanguka.

Aliporudi kwa Bonfils alifungua ujumbe mpya, akaweka vidole juu ya herufi. Kwa habari ya mnyama, asingesita. Lakini akilini alimwona Gaëlle kwenye duka la intaneti, watu wamepanga mstari nyuma yake wakingoja mashine, naye anasoma mstari wa kwanza. Akakumbuka siku aliyoletewa habari za mumewe. Aliyezileta alizisema akiwa bado juu ya baiskeli, kisha akaenda zake.

Aliandika tu, "Gaëlle, nipe namba ya simu ya mama Béatrice. Nitapiga leo. Kaa naye nyumbani."

Namba ilikuja bila neno lingine. Léocadie aliomba simu ya Bonfils. Alizungumza kwanza na Béatrice, akamsihi aketi karibu na binti na amshike. Ndipo Gaëlle akapokea.

"Gaëlle, mwanangu, baba yako amefariki."

Kisha sauti ndogo: "Alikuwa peke yake?"

"Majirani walikuwako. Walimuzika, wakamuombea."

"Kaburi uliiona na macho yako?"

"Niliiona. Natoka kule sasa hivi."

"Docteur, usikate."

Hakukata. Léocadie alimsikiliza akilia, akasikia na Béatrice akimbembeleza kwa maneno ya kwao, mpaka laini ikakatika yenyewe.

Gaëlle alikuja mwezi wa Desemba kwa boti ya mizigo. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko Léocadie alivyomwazia. Walikwenda pamoja Kanyosha, na Adija akawapikia ndizi na maharagwe. Sukari, waliyekwenda naye, alinusa viatu vya Gaëlle kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia kwa sauti ya juu, mwili wote ukitikisika, asiache hata walipomfunika kwa kitenge.

Safari hii Gaëlle alikuwa amempata kapiteni asiyechukia mbwa. Léocadie alimchanja Sukari, akamwandikia cheti, akawasindikiza hadi bandarini.

"Docteur, mi sina mutu mwingine tena mu Bujumbura," Gaëlle alisema. "Nitakuandikia."

"Andika. Usingoje mbwa augue."

Aliandika alipofika, na mara chache baada ya hapo. Kufikia msimu wa mvua kubwa barua zilikuwa zimekoma. Léocadie hakumlaumu. Alielewa kwamba jina lake lilikuwa limeshikana na habari ile, na kwamba binti alihitaji kuishi.

Wenye wanyama walianza kurudi mmoja mmoja, na vizimba vikabaki wazi. Kila Jumapili, baada ya misa, Léocadie alikuwa akishuka Kanyosha kung'oa majani juu ya kaburi la mtu ambaye alizungumza naye asubuhi moja tu. Adija alimtolea kigoda. Waliketi, kila mmoja akitazama njia, mpaka jua likawafikia miguuni.