Magunia Sita ya Mzee Ephraïm

Jioni, kabla sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, haijaiva, Scholastique aliwaosha wanawe miguu. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba yao ya kupanga, pembezoni mwa Bunia, beseni la plastiki mbele yake, akamwita Arielle kwanza, kisha Orly. Vumbi la Bunia ni jekundu, na watoto walikuwa wameshinda humo mchana kutwa. Lakini maji yalipotulia, kilichobaki chini ya beseni kilikuwa udongo mweusi wa Djugu, udongo wa shamba lao wenyewe, ujazo wa viganja viwili kwa kila mtoto.

Ilikuwa hivyo tangu walipokimbia vita huko. Orly alitoa mwingi kuliko dada yake, ijapokuwa alizaliwa Bunia na Djugu hajaitia machoni. Watoto wa jirani yao Régine, wenyeji wa hapa, walitoa vumbi jekundu tu, na Régine alisema heri yake, maana ule mweusi unaziba mfereji.

Mwanzoni Scholastique aliumwaga. Aliyemkataza ni baba mkwe wake, Mzee Ephraïm, ambaye kikohozi kilikuwa kimemwingia kifuani na kukataa kutoka.

“Mama Arielle, usimwage ile udongo. Weka mu gunia. Siku nitakufa, munifunike nayo. Mi siwezi kulala mu udongo ya watu.”

“Sawa, Papa.”

Basi akawa anauanika juu ya bati na kuutia guniani. Mzee alilala juu ya mkeka kando ya ukuta akajipima, akasema yatafaa magunia sita: mawili ya miguu, moja la mapaja, moja la tumbo, moja la kifua, moja la kichwa. Kila jioni aliuliza umepatikana kiasi gani. Akiambiwa kidogo, alijibu kwamba kesho watoto waachwe wacheze zaidi.

Scholastique alikuwa amechoka. Kutwa alikaa sokoni na ndizi zake, jioni alipika, na kati ya soko na chungu kulikuwa na hilo beseni. Hakuwa na wa kumwambia kwamba amechoka, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imechoka. Alitamani jioni moja tu bila miguu ya mtu.

Siku moja, katikati ya udongo, alikuta ganda la haragwe, bado bichi. Mzee alilipokea, akalinusa, akaligeuza.

“Banavuna,” alisema.

Laurent, mume wa Scholastique, dereva wa pikipiki ya abiria, aliuliza ni nani hao.

“Benye kukaa pale sasa.”

Usiku huo walikula maharagwe ya kununua, magumu.

Mvua zilipoanza, magunia yalikuwa sita kamili, yamepangwa chini ya upenu. Jioni moja Laurent alirudi ameloa chapa. Pikipiki ikateleza kwenye dimbwi la mlangoni, ikamlalia mguuni. Akainuka, akachukua gunia lililokuwa karibu, akalimimina dimbwini, akashindilia kwa buti, kisha akaingiza pikipiki ndani bila taabu. Asubuhi Mzee alihesabu.

“Laurent. Uliweka wapi muguu yangu ya kushoto?”

Laurent alitazama mlangoni.

“Mi nilizani ni udongo tu, Papa.”

“Ni udongo tu. Na ile udongo njo muguu yangu.”

Scholastique aliingia chumbani akalia kidogo, si kwa ajili ya mguu, bali kwa ajili ya jioni zote zile. Kisha akajipangusa kwa ncha ya kitenge akaenda sokoni. Aliporudi, alimkuta Laurent kwenye kigoda, mikono ya shati imekunjwa, anawaosha mabinti miguu na kuwauliza habari za shule. Alipomaliza alitia na yake, ikatoa udongo nusu beseni, maana haikuwahi kuoshwa hapo. Mzee alisogeza kiti chake karibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Scholastique kupika huku akiwasikia wote wanaongea, na sombe ikamtoka nzuri. Toba ya Laurent ilidumu wiki tatu, ambazo si haba.

Katika wiki ya nne Mzee Ephraïm alifariki. Gunia la sita halikuwa limefika hata nusu. Laurent hakuuliza mtu. Alichukua jembe akachimba mlangoni mpaka akaufikia udongo mweusi, akauchota pamoja na mwekundu ulioshikana nao. Makaburini walimfunika kwa mpangilio aliouagiza. Upande wa mguu wa kushoto palikuwa na bonge lenye alama ya tairi, na Laurent alilivunja kwa mkono, akalia.

Jioni ile dimbwi lilikuwa limerudi mlangoni. Scholastique aliliruka, akaketi, akawaambia mabinti waoshane wenyewe, kwani kazi ya beseni imekwisha. Baada ya muda kidogo Orly alimletea beseni. Udongo ulikuwa mweusi, mwingi kuliko siku zote, na ndani yake kulikuwa na mizizi iliyokatwa kwa jembe siku hiyohiyo.

Laurent aliinama akaitazama.

“Banalima,” alisema.

Scholastique alikaa na beseni magotini mpaka maji yakapoa. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na gunia tupu, akalikung'uta.

“Hii iko ya nani tena?” Laurent aliuliza.

“Yangu.”

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Laurent akavuta kigoda, akaanza kufungua kamba za buti.

“Basi leta mbili,” alisema.