Karatasi za Kwenye Vikapu

"Tia alama kwenye hapana, maman, tumalize," alisema katibu wa ubalozi, akimsogezea Mathilde fomu. "Ni formalité tu."

Formalité, eti utaratibu tu! Mathilde aliisoma fomu mara mbili, glavu za mpira bado mikononi. Je, uliwahi kuwapelekea habari polisi wa siri? Atakayejibu ndiyo, kazi imekwisha leo leo. Ndivyo ilivyoamuru serikali mpya ya nchi yenye ubalozi ule, iliyochaguliwa kwa kura baada ya Wakomunisti kuanguka, na pale ubalozini, mtaani Uccle, kila mtu alipaswa kujibu, kuanzia balozi hadi mfagiaji.

Mfagiaji ndiye yeye. Miaka tisa! Na kwa miaka saba ya mwanzo huyu huyu katibu, nyota nyekundu kifuani, alimkataza kutupa karatasi za vikapu vya wenzake. Mathilde alimletea yeye kila Ijumaa, zimetengwa ofisi kwa ofisi. Mhasibu mmoja alirudishwa kwao chini ya ulinzi kwa sababu ya barua aliyoichana vipande vinne. Mathilde ndiye aliyeviokota. Alipojua, alinyamaza, maana alikuwa na watoto watatu, na jambo hilo halikumtoka moyoni mpaka leo.

Sasa nyota haipo, na katibu ndiye anayekusanya fomu za demokrasia. Mtu ana uso mkavu, jamani!

Asubuhi mumewe, Jean-Marie, alikuwa amemwonya. "Andika non, Mathilde. Batoto batakula ukweli? Hata kwetu Bukavu, bale balikuwa banachezea chama ngoma, leo bote ni bademokrate."

Naye alikubali. Alishika kalamu akiwa na nia hiyo hasa. Kilichoharibu mambo ni katibu kumpigapiga begani huku akicheka: "Sisi wawili tunaelewana, siyo?"

"Tunaelewana wapi?" Hasira ilimpanda hadi masikioni. "Wewe ulikuwa unakula juu, kwa meza. Mimi chini, na ndoo zangu. Na mulikuwa munasema watu wote ni sawa! Bon."

Akatia alama kwenye ndiyo, na chini yake akaandika jina la katibu kwa herufi kubwa. Hakumpa katibu fomu ile. Alipanda ngazi hadi kwa mkaguzi, mama mwenye miwani aliyetumwa na serikali mpya, akaiweka mbele yake. Mkaguzi alimwita katibu, akamwuliza. Katibu akatoa funguo zake, akaziweka mezani.

"Nasikitika, madame," mkaguzi alimwambia Mathilde. "Sheria haina mkubwa wala mdogo. Ni nyinyi wawili." Akanyoosha mkono apewe na za Mathilde.

Saa sita mchana Mathilde alikuwa kituo cha tramu, mvua ikinyunyiza. Katibu akaja na boksi kwapani. Gari la ubalozi amenyang'anywa. Aliitazama ratiba kwa muda mrefu.

"Maman," alisema mwishowe, "ipi inafika mjini?"

Matusi yote ya Bukavu yalijaa mdomoni mwa Mathilde. Tramu ikaja, milango ikafunguka. Haikuwa yake. Akaipanda hiyo hiyo, akamwacha katibu na ratiba yake.