Nyumba za Majivu Pale Ukingoni

Asubuhi za kipupwe Newala huwa haionekani. Ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma, ukavuka ukingo, ukaingia mjini polepole, na watu wakawa wanasikiana kabla ya kuonana. Ndani ya ukungu wa namna hiyo ndipo Somoe alipoambiwa ahame.

Alikuwa anafagia mbele ya chumba alichopanga nyuma ya soko. Alisikia viatu kwanza, kisha mwenye nyumba, Baba Nurdini, akajitokeza na koti lake refu.

"Shikamoo, Baba Nurdini."

"Marahaba, Mama Nasibu. Bibi ameamkaje?"

"Salama."

Mzee yule akawa anaangalia ufagio badala ya kumwangalia Somoe. "Nyumba hii naigeuza gesti," alisema. "Tangu lami ifike, wanunuzi wa korosho wanataka kulala karibu na soko. Na mimi nina wanangu wa kusomesha. Msimu ukianza, naomba muwe mmepata pengine."

Akaaga. Ukungu ukamchukua tena, zikabaki hatua zake tu.

Somoe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye baraza la duka moja, na mwanawe Nasibu alikuwa akisoma bweni. Chumbani aliishi na mama yake, Bi Ziada, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika kidogo kidogo mpaka likabaki wingu jeupe. Kila walipohamia chumba kipya, Bi Ziada alikizunguka kwa viganja: huu msumari, huu ufa, hapa dirisha, hapa plasta imebanduka. Akishazijua kuta, ndipo alipopata usingizi. Nao walikuwa wamehama mno. Mara kodi imepanda, mara mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, mara binti yake karudi kutoka Mtwara anataka chumba chake.

Siku ile Somoe alipomweleza, mama yake hakulalamika. Alisema tu, "Usiku wa jana niliota natafuta mlango wa kile chumba tulichopanga Luchingu, naupapasa kwenye ukuta wa hiki. Sijui nalala nyumba gani tena, mwanangu."

Somoe alitoka nje akalia pembeni ya simtank la maji, mahali ambapo mama yake asingemsikia.

Aliyemkuta pale ni Salome, muuguzi mzaliwa wa Chiwata, aliyepanga chumba cha tatu. Naye alikuwa ameambiwa ahame. Ndiye aliyeleta habari za ukingoni: lile shamba la zamani la mikorosho, upande ambao mji unakatika na bonde linaanza, lilikuwa limepimwa viwanja. Vingeuzwa kwa atakayetoa bei kubwa na kulipa papo hapo.

"Watanunua watu wa mbali," Salome alisema. "Wajenge, kisha watupangishe sisi."

Wapangaji wa nyumba ile wakaanza kukutana. Wakaja na wa nyumba za jirani: mama lishe, walimu wawili, wachukuzi wa sokoni, na Gasper, fundi ujenzi aliyejenga nusu ya gesti za mji na kulala chumba kisicho na dari. Ombi lao lilikuwa dogo. Baadhi ya viwanja vile wapewe watu wanaopanga, walipe kidogo kidogo, wajenge nyumba za kawaida. Walikwenda ofisi ya ardhi, wakapokewa vizuri na kuambiwa wasubiri baraza la madiwani. Kwenye mkutano wa mtaa Somoe alisimamishwa aseme. Aliongea maneno machache, akakaa.

Diwani wao alikuwa mama mmoja mnene, mpole, jina lake Sikudhani. Alimfuata baada ya mkutano.

"Mama Nasibu, sikatai. Lakini nikifika barazani nikasema nyumba za watu wa kipato cha chini, wenzangu wanaona vibanda. Wanaona uchafu. Hata mimi nikifumba macho, nyumba zenyewe sizioni."

Maneno hayo yalimkaa Somoe kichwani. Kesho yake alikuwa ametandaza kitambaa cha sare mezani, akachora kwa chaki bega, kiuno, mkono, kama alivyofanya miaka yote. Akasimama na chaki mkononi. Pale mezani kulikuwa na gauni zima, kola na mifuko, na mkasi ulikuwa haujagusa kitu.

Aliacha kitambaa vilevile akaenda kumtafuta Gasper.

Mwenyekiti wa mtaa aliwaruhusu kutumia kona moja ya shamba, mradi wasing'oe vigingi vya wapimaji. Siku nzima walikusanya majivu. Mama lishe walileta kwa ndoo, majirani kwa masufuria, hata Baba Nurdini alituma gunia kutoka jikoni kwake. Gasper alivuta kamba, akapima pembe. Kila mstari waliuinua kwanza kwa mchanga mwekundu, kama tuta jembamba, ndipo wakamwaga majivu juu. Zikatoka nyumba. Vyumba viwili na sebule, baraza, jiko la nje, choo, na kati ya kila nyumba mbili duara la tangi la kuvunia maji ya mvua. Milango iliachwa wazi.

Siku ambayo madiwani wangepita kukagua eneo, watu walihamia alfajiri. Walibeba vitanda, mikeka, majiko ya mkaa, kabati moja la vyombo. Somoe alibebewa cherehani yake. Mama yake alikuja ameshikwa mkono, kanga mbili mabegani kwa sababu ya baridi.

"Ukuta uko wapi?" aliuliza Bi Ziada, viganja mbele.

"Uko chini, mama. Vua viatu."

Akavua. Unyayo wake ukagusa tuta, akatulia, kisha akaanza kulifuata. Alizunguka chumba kizima hivyo, polepole, kama mtu anayetembea ndani ya usingizi, midomo ikisema kitu kwa Kimakonde ambacho Somoe hakukisikia vizuri. Alipofika pembe ya mwisho akauliza, "Na dirisha?"

Gasper alikuwa karibu. "Bado, bibi. Unataka liwe wapi?"

Katika vyumba vyote alivyopita, Bi Ziada hakuwahi kuulizwa hilo. Aligeuza uso huku na huku mpaka upepo wa bondeni ukamgusa shavu.

"Hapa," alisema.

Gasper akapiga magoti, akasimika vijiti viwili pale aliposema.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Gari la madiwani liliposimama, hawakuona kitu. Walisikia. Cherehani ikikimbia. Mfuniko wa birika ukigongagonga. Redio ikisoma habari, mtoto akicheka, mwanamke akiuliza nani kachukua chumvi. Mji mzima ulikuwa mbele yao, nao hawakuona hata paa.

Wakasogea. Ukungu ukaanza kupasuka vipande vipande, na kila kipande kikaacha nyumba: mwalimu akisahihisha madaftari, Salome akikunja shuka zake za kazini, mzee akinyolewa barazani. Kuta hazikuwepo, lakini hakuna mtu aliyepita katikati ya chumba cha mwenzake.

Diwani mmoja wa kiume, mwenye haraka, aliruka mstari wa majivu.

"Baba, mlango uko huku," mama mmoja alimwambia bila kuinuka, akigeuza vitumbua.

Watu wakacheka, naye akacheka, akarudi alikotoka akazunguka. Mheshimiwa Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Somoe, mguu mmoja juu, hajaukanyaga ule mwanya wa mlango. Akaushusha nje.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mheshimiwa. Pita ndani."

Akapita. Akakaa kwenye mkeka, akanywa chai, akatazama nje kupitia vijiti viwili, ambako bonde lilikuwa linaanza kuonekana, bluu juu ya bluu, na mbali kabisa mto kama uzi. Hawakuzungumza habari za viwanja. Alimuuliza Bi Ziada kwao ni wapi, akamsikiliza.

Kufika adhuhuri upepo ulikuwa umeanza kuzifuta zile nyumba. Watu wakabeba vitanda vyao wakarudi walikopanga.

Barazani mambo hayakuwa rahisi. Wapo waliosema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba fedha za viwanja vile ndizo zingejenga madarasa. Kikao cha kwanza kiliahirishwa. Katika cha pili Sikudhani alisimama akawaeleza wenzake nyumba alimonywea chai, chumba kwa chumba. Mwishowe wakakubaliana: safu mbili za nyuma, zisizo na mandhari ya bonde, zitengwe kwa wapangaji, zilipwe kidogo kidogo, na asiuze mtu mpaka ipite miaka kadhaa.

Viwanja havikutosha. Ikapigwa kura ya bahati. Somoe alipata, Gasper alipata. Salome alikosa, na kabla hajamaliza kusikitika akahamishiwa Masasi. Somoe alimsindikiza stendi akiwa na aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

"Usinionee haya," Salome alimwambia. "Ulitaka wote tukose ndiyo ufurahi?"

Baba Nurdini aliwaachia chumba mpaka kuta za Somoe zilipofika juu ya milango, ingawa vyumba vyote vya jirani vilikuwa tayari vimejaa wageni wenye mabegi. Wakahamia mvua za kwanza zikikaribia, kuta hazijapigwa plasta, bati bado linang'aa. Usiku wa kwanza wa mvua Somoe alilala akisikia maji yakiingia kwenye tangi, akaota kwamba mji wote umechorwa kwa majivu na unaelea juu ya bonde, na hakuna aliyekuwa anaogopa.

Mwaka uliofuata Salome alimpigia simu. Vyumba Masasi vilikuwa vimepanda bei kuliko Newala, na wapangaji wenzake walikuwa wanataka kumsikia. Somoe alikataa, akisema yeye hajui kuhutubia. Kisha akaenda.

Walikutana kwenye ua wa nyumba moja, majabali ya Masasi yamesimama nyuma yao, vichwa vyake vikiwa mawinguni. Wanawake wengi, wanaume wachache. Walimpa kiti.

"Tuambie, dada," mmoja wao alisema. "Nyie mlisema nini mpaka wakawasikia?"

Somoe akafikiri. "Hatukusema sana," alijibu. "Hapa kuna eneo lolote la wazi?"

"Lipo moja, kule nyuma ya majabali."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Basi twendeni tukalione. Mtaniambia njiani kila mtu anataka dirisha lake liangalie wapi."

Wakatoka wote kwa mguu, wakiongea kwa pamoja.