Weka Sauti Mezani

Jumanne, baada ya kengele ya pili, mwalimu wa kwaya alifuta ubao akaandika kanuni zake, kama kila wiki: mikono nyuma, hakuna bablishi, hakuna kuegemea ukuta, hakuna kucheka. Darasa la saba likasimama mistari minne, kila sauti na mstari wake. Kwenye sauti ya pili alikuwepo msichana waliyemwita Chiriku, kwa ule mdomo wake.

Sasa pale pa kuvuta pumzi, kabla ya ubeti wa tatu, tumbo la mwalimu likanguruma. Na tumbo, jamani, halina adabu, haliangalii limekaa kwa nani. Mstari mzima ukaangua kicheko. Chiriku peke yake hakucheka, maana pumzi ilikuwa bado inaingia.

"Nani huyo?"

Vidole vyote vikamwelekea Chiriku.

"Mwalimu, haki ya nani, mimi sija..."

"Bado unabwabwaja? Weka sauti mezani."

Chiriku akakohoa mara mbili, akaiweka. Ilikuwa ndogo, ya moto kama yai lililotagwa sasa hivi. Mwalimu akaitia kwenye droo, pamoja na simu mbili na sauti ya kijana wa mwaka juzi ambaye wazazi wake walihama. Akafunga. Ubeti wa tatu ukaendelea.

Kesho yake akaja mama mtu, mshona sare, nyuzi bado ziko begani.

"Shikamoo mwalimu. Nimefuata sauti ya mtoto."

"Marahaba. Aombe radhi kwanza."

"Kaandika hii hapa, ukurasa mzima."

"Karatasi haiombi radhi. Aombe kwa mdomo wake, wenzake wasikie."

"Ataombaje, na sauti unayo wewe?"

"Mama, nikimpa kabla hajaomba, hiyo ni adhabu au zawadi?"

Mama akaikunja karatasi, akarudi nayo. Nyumbani wakazoea: kugonga meza mara moja ni chumvi, mara mbili ni maji. Shuleni wakambadilisha jina, akawa Bubu. Walioanza ni wale wale wa vidole.

Siku ya mashindano mwalimu akaichomoa droo nzima, akaibeba hadi ukumbini, akaiweka kwenye kiti mbele ya sauti ya pili. Chiriku akasimama nyuma yake, mikono nyuma, kinywa kimefungwa. Sauti yake ikaimba humo drooni, safi, haitangulii, haichelewi. Majaji wakasifu nidhamu.

Mama alikuwa amekaa mbele, anapiga makofi. Afanyeje, ni mwanawe. Mwanamke wa kiti cha pili akamgusa.

"Wa kwako yupi, dada?"

"Yule wa kwenye droo."

"Ee! Hongera. Ametulia, mashallah. Wangu mimi ni kelele tupu."

"Asante."

Mwalimu akaibana droo kwapani, akaamuru watoto wapande basi kimya kimya. Wengine ilibidi awakemee. Chiriku hakuhitaji kukemewa.