Gari Juu, Nami Ndani

...na miwani nimeipata, hilo lisemwe kwanza, ilikuwa chini ya kiti cha dereva pamoja na peremende iliyoota manyoya na kifuniko cha kalamu nisiyoijua, lakini nilipoinua kichwa nimwambie fundi kwamba nimeipata, dirishani hapakuwa na gereji tena, palikuwa na mabati, mabati ya paa na misumari yake, na buibui ananitazama usawa wa macho kama mpangaji mwenzangu, ndipo nikaelewa kwamba ule mtikisiko niliodhani ni kiuno changu ulikuwa ni lifti ya gereji, gari limeinuliwa nami nimo ndani nimeinama, na kabla sijafungua kinywa mashine ikakohoa, taa zikazimika, redio ya fundi ikakata katikati ya neno, umeme umekwenda, umeniacha hapa kama nguo iliyosahaulika kambani... "Kuna mtu humo?" fundi anauliza kutoka chini, na mimi, mtu mzima mwenye kipara na pasipoti iliyojaa mihuri, najibu "Mimi," kwa sauti ya mtoto aliyekutwa kabatini, "Mimi nani?" "Mwenye gari," halafu pumzi ndefu, "Mzee, si nilikwambia ukishanyoosha usukani ushuke," "Nilikuwa natafuta miwani," "Mama yako kaniambia uko chooni," na sauti nyembamba, kavu, ya mama yangu, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na rundo la matairi, "Nilisema hivyo kwa sababu huyu akitoweka bila kuaga huwa yuko chooni au yuko ng'ambo," na fundi anacheka, fundi huyu wanamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza, ananieleza hali yangu kama mtangazaji wa mpira, kwamba nisifungue mlango, nisijitingishe, kwamba vyuma vya usalama vya lifti vimeshajifunga na haviachii mpaka mashine iinue gari kidogo kwanza, na mashine inataka umeme, kwa hiyo tusubiri, "Na ngazi je?" nauliza, "Ngazi ameazima mchoraji wa mabango hapo jirani," "Si umwambie airudishe," "Yuko juu yake," sawa, haya, nimekaa, nimeshika usukani wa gari lisilokwenda popote, nimefunga na mkanda, sijui kwa nini nimefunga mkanda...

Hata hivyo springi zimefungwa, hilo hakuna wa kulifuta, acha niaibike, nimeaibika katika nchi nyingi na kwa lugha ambazo sikujua hata neno la kuomba radhi, aibu hainiui, springi nne mpya na shokapu nne mpya ziko mahali pake chini ya makalio yangu, ndefu kuliko zile zilizokuja na gari, ngumu kuliko kichwa cha dada yangu, na dada yangu ndiye chanzo cha yote haya, yeye na sebule yake, yeye na kile kikao alichotuitia wote tuliozaliwa tumbo moja, tukakalishwa kwenye makochi yenye vitambaa, akasema barabara ya kwa Mama haipitiki, kile kipande cha mawe baada ya daraja kimeshang'oa beseni la oili chini ya gari la shemeji yetu, oili yote ikamwagika njiani na shemeji akarudi kwa miguu na tai yake shingoni, gari halifiki mlangoni, akasema Dada, Mama akiugua usiku abebwe mgongoni na nani, basi ahamie kwangu, chumba cha ghorofani kimeshapakwa rangi, mapazia yako tayari, kila kitu tayari, na wote wakatikisa vichwa kukubali kama watu waliopewa peremende, nami nikasema basi nitaliinua gari langu, na pale ndipo kicheko kilipoanza, "Msafiri kaanza," ndivyo wanavyoniita nyumbani, Msafiri, maana yake mtu wa hadithi, mtu wa zawadi za uwanja wa ndege, mtu ambaye akisema jambo la maana watu husubiri amalize mzaha, wakacheka, shemeji akajipangusa macho, na mimi nilicheka pia, nilicheka kuliko wote, halafu usiku huohuo nikaagiza springi... sikubali, ndiyo maana, angalau mara hii sikubali, barabara ni mawe tu, na mawe hupitwa kwa juu... nilikwenda kwanza kwa wale wenye gereji ya vioo na maua ya plastiki na kijana wa tai nyuma ya kaunta, akalitazama boksi langu kama nimemletea paka aliyekufa, "Hizi si orijino, mzee, ukifunga hizi dhamana ya gari inaondoka," dhamana, gari lenyewe lina umri wa kupiga kura na kuoa, dhamana ipi, na nikakumbuka nchi moja ya baridi ambako mwenye gereji alikataa hata kuligusa boksi la kioo nilichonunua kwingine, akasema yeye hafungi kifaa asichokiuza mwenyewe, nikajilaza kwenye theluji na spana niliyoazima, nikafunga kioo cha pembeni kichwa chini, nikaendesha hivyo mpaka majira ya joto nikiitazama mbingu kila nikitaka kupinda kulia, lakini Kimya, Mungu ampe umri, Kimya alilifungua boksi kwa bisibisi, akainusa mipira, akaigonga springi kwa spana akaisikiliza, akasema, "Nitafunga, ila zikilia usiniite mimi, waite waliokuuzia," "Nimezinunua kwenye simu," "Basi ipigie simu," nikajua hapa ndipo, mtu huyu tutaelewana...

"Tangu mdogo hivyo hivyo," Mama anasema huko chini, anamwambia Kimya, nasikia kiti kikilia, "akipanda kitu hashuki mwenyewe, alipanda tangi la maji la shule, alipanda lori la mchanga, lori likaondoka naye," "Likaenda naye wapi, mama?" "Walimrudisha kesho yake, ameshiba, ana kofia ya dereva," na Kimya anacheka mpaka spana inamponyoka, ni kweli, kofia ninayo hadi leo... Mama kaja nami kwa sababu leo ndiyo leo, kwamba springi zikishafungwa apande, twende moja kwa moja mpaka kwake, tuvuke daraja, tupite juu ya yale mawe polepole kama mfalme, nisimame mlangoni, mlangoni kabisa, nipige honi, nipige picha, nimtumie Dada picha ya tairi na kizingiti katika picha moja, bila neno, hilo tu, nimelipanga wiki nzima, hata pembe ya kupigia picha ninaijua... "Kwani limeinuka kiasi gani?" Mama anauliza, na Kimya anasema likisimama chini chuma cha chini ya mlango kitafika hapa, simwoni anaonyesha wapi, "Hapa ni goti langu," Mama anasema, "Juu ya goti kidogo, mama," nasikia tone la oili likidondoka ndani ya kopo, "Sasa mimi nitapandia wapi?"

Ah... nitapandia wapi... niliyapima yale mawe, wallahi, nilichuchumaa barabarani na fimbo, nilipima tumbo la gari, nilipima mtaro wa daraja, nilisoma maoni ya watu wasiojulikana kuhusu springi mpaka macho yakaniwasha, nikaijua barabara ile kuliko anayeikarabati, kama yupo, na sikupima mguu wa mama yangu, mguu mmoja, mfupi, ule ambao tangu masika anaunyanyua kwa mkono anapopanda ngazi za barazani, nimelijengea gari miguu ya twiga ili limfikie mwanamke ambaye hawezi kulipanda, hodari, Msafiri, hodari sana, na buibui bado ananitazama... simu, simu inalia kwenye kishikio chake, Dada, bila shaka Dada, ana pua ya kunusa mtu akiwa amekwama, "Uko wapi?" "Niko juu," "Juu wapi?" "Mahali pa juu kidogo, pana hewa," "Acha utani, Mama yuko nawe?" "Yuko hapa chini," "Mwambie kitanda kimefika, wanakipandisha sasa hivi," na nyuma yake nasikia watu wakigombana na kona ya ngazi, geuza, geuza kwako, na mimi nasema Dada, springi zimeshafungwa, gari sasa linafika mlangoni, na yeye hacheki safari hii, afadhali angecheka, anasema taratibu, "Sikatai, mdogo wangu, linafika, na wewe ukishaondoka tena, na gari limesimama uani kwako limefunikwa turubai, nani atamsikia akianguka?" halafu mtandao unakata, au kakata mwenyewe, na mimi nimebaki na simu sikioni nikiongea na mabati...

Nani atamsikia, kwa sababu alishaanguka, masika, uani, kwenye utelezi wa karo la kufulia, alikaa chini pale mpaka mke wa jirani alipokuja kuazima jembe, na alinisimulia kwa simu kama kichekesho, "Nilikuwa nimepumzika tu, matope yalikuwa laini," nikacheka, nilikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege fulani nimevua viatu, nikacheka kwa sauti mpaka askari akanitazama, kwa nini nilicheka... na kama Dada ana haki, hebu tuseme, hapa hakuna anayesikia ila buibui, kama Dada ana haki basi hizi springi ni za nani, maana kila ofisi duniani waliponiuliza anwani ya kudumu niliandika ya kwa Mama, nyumba za kupanga zimenipita kama vituo vya treni, funguo nyingine nimezipoteza na milango yake siikumbuki, lakini komeo la kwa Mama nalifungua gizani kwa kidole kimoja, najua linapokwama, labda nimeliinua gari ili pawe na mahali pa kurudi mimi, labda ni mimi ninayetaka kufika mlangoni, na Dada na chumba chake cha rangi ya krimu anataka alale usingizi, na shemeji anataka beseni lake la oili, kila mtu kajinunulia kifaa chake na kutafuta gari la kukifunga, na gari lenyewe ni Mama... hapana, hilo nalikataa pia, nakataa la Dada na nakataa la kwangu, nitamuuliza, mbona ni jambo dogo, nimeuliza njia kwa walevi na kwa polisi na kwa bubu mmoja aliyenielekeza vizuri kuliko wote, nashindwaje kumuuliza mama yangu, na akisema kwa Dada, basi ni kwa Dada, springi Kimya atazifungua palepale, nitamlipa kufunga na nitamlipa kufungua, nitampandishia sanduku lake ghorofani mimi mwenyewe begani, na sitatia mzaha, au nitatia kidogo tu, mwishoni... nazungusha ufunguo, kioo kinashuka kwa kulalamika, natoa kichwa, toka huku juu Mama ni kitambaa cha kichwa na mikono miwili iliyokunjwa, na mkoba magotini, mdogo, mdogo kuliko nilivyodhani, "Mama," "Nini, unataka choo kweli sasa?" "Mama, nisikilize, Dada anasema kitanda kimefika, mimi nimefunga hizi springi, na sisi wote tumesema, sasa wewe, wewe unataka kukaa wapi, kwa Dada au kwako, sema tu, lolote," na Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, amenyamaza, kaacha hata kufuta mikono, umeme bado haujarudi, mchoraji bado yuko juu ya ngazi yake, nami nimening'inia nusu ndani nusu nje na moyo unanidunda kama injini yenye plagi moja mbovu, na Mama anainua uso, anakinga jua la mlangoni kwa kiganja, ananitazama kwa muda kama anayetafuta bei iliyobandikwa.

"Wa kunihamisha mimi hajazaliwa," anasema, "maana waliozaliwa nimewazaa mwenyewe, nawajua. Fundi, umeme ukirudi, kabla hujamshusha huyo, nifungie kijingazi cha kupandia upande wangu."